Ghala, Mizani na Kiwanda: Jinsi Fedha za Serikali Zinavyomfikia Mkulima wa Kithyoko

Katika barabara ya Thika kwenda Garissa, soko la Kithyoko hubadilika rangi msimu wa embe unapofika. Kuanzia Desemba hadi karibu Machi, ndoo, makarai na magunia ya embe hupangwa kando ya lami, na malori husimama kupakia. Embe zote zimeiva kwa wakati mmoja, na hapo ndipo shida inapoanza. Embe iliyoiva haikai siku nyingi katika joto la Masinga. Mwenye embe anajua hivyo, na dalali aliyekuja na lori anajua zaidi. Bei wanayokubaliana huwa ya yule anayeweza kungoja, na mwenye embe hawezi.

Ndengu zingeweza kungoja. Zikikauka vizuri hukaa miezi. Lakini ndengu za mvua ya Oktoba hadi Desemba huvunwa wakati shule zinafunguliwa, na karo haingoji. Kwa hivyo nazo huuzwa shambani, siku ile ile, kwa kipimo cha kopo au cha gunia lililojazwa hadi likapandisha kichwa.

Wakazi wanapoulizwa dawa ya hali hii, wengi hujibu kwa neno moja: kiwanda. Ombi hilo ni halali. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka kilimo mikononi mwa serikali za kaunti, na mkazi ana haki ya kuuliza fedha za umma zinafanya nini kuhusu mazao yanayooza. Lakini kati ya mwembe na kiwanda kuna hatua kadhaa: kuchuma, kukusanya, kupima, kupanga kwa daraja, kukausha au kupoza, kuhifadhi, kisha kusafirisha. Fedha za serikali huingia katika kila hatua kwa njia yake, na masharti hutofautiana. Anayezijua njia hizo huomba kitu kinachoweza kutolewa.

Kiwanda kinakula kiasi gani

Hesabu rahisi husaidia. Tuseme kimejengwa kiwanda kidogo cha kusaga rojo la embe, chenye uwezo wa tani 2 kwa saa. Kikifanya kazi saa 8 kwa siku, kinahitaji tani 16 za embe kila siku. Embe ya wastani ikiwa na gramu 400, hizo ni embe 40,000 kwa siku moja, na kesho yake zinahitajika 40,000 nyingine. Zisipofika, mashine husimama, lakini mishahara, umeme na mkopo havisimami.

Embe hizo lazima ziwe zimeiva kwa kiwango kinachofanana, zisiwe na mabuu ya nzi wa matunda, na ziwe zimebebwa katika kreti badala ya gunia, maana gunia huponda embe za chini. Kiwanda hakiwezi kutuma lori kwa kila boma kuchukua ndoo mbili. Kinataka mahali pamoja ambapo embe za watu mia moja zimekwisha kupimwa na kuchaguliwa. Mahali hapo ndipo huitwa kituo cha kukusanyia mazao, na ndicho kiungo kinachokosekana mara nyingi zaidi, ingawa bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kiwanda.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoomba kiwanda hawalitaji sana. Msimu wa embe ni miezi mitatu au minne. Miezi inayobaki jengo linahitaji kazi. Ndiyo sababu viwanda vya aina hii hutengeneza rojo na kulifungasha katika mifuko maalumu isiyopitisha vijidudu, ndani ya mapipa, ili likae mwaka mzima bila jokofu na kuuzwa kidogo kidogo kwa watengenezaji wa juisi. Wengine hutafuta mazao mengine ya kusindika msimu wa embe ukiisha.

Majirani wa Makueni wamepitia njia hii, na yaliyowapata yanafaa kuangaliwa. Kaunti hiyo ilijenga kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba, kilichoanza kazi mwaka 2017, na mwaka huo huo ikatunga sheria ya kaunti iliyoanzisha mamlaka ya kuendeleza na kuuza matunda. Kiwanda kilianza na rojo la embe, na baadaye kikaongezewa mtambo wa juisi. Kwa upande wa nafaka, Makueni ilijenga kiwanda kingine Makindu cha kusafisha na kufungasha ndengu na nafaka nyingine, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Jambo la kuzingatia ni kwamba Makueni haikuanza na mashine peke yake. Iliunda chombo cha kisheria cha kuendesha biashara hiyo, na ilishughulika na nzi wa matunda mashambani. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza embe Ulaya kwa sababu ya nzi huyo, na soko lilipofunguliwa tena mwaka 2021, maeneo ya Makueni yaliyokuwa yamedhibiti nzi ndiyo yaliyotegemewa. Mitego yenye chambo, na kuzika embe zilizoanguka badala ya kuziacha chini ya mti, ni kazi isiyohitaji zabuni wala mkandarasi. Inahitaji majirani wote waifanye kwa pamoja, kwa sababu nzi hajui mpaka wa shamba.

Ukaushaji na uhifadhi si jambo la bei tu

Kwa upande wa mahindi na ndengu, kiungo muhimu kuliko vyote ni ukavu. Wakazi wa umri fulani katika Ukambani hawahitaji kukumbushwa mwaka 2004. Mahindi yaliyovunwa wakati wa mvua yalihifadhiwa majumbani yakiwa na unyevu, kuvu ikaota, na sumu ya aflatoksini ikaingia katika chakula cha kila siku. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Waathiriwa wengi walikuwa Makueni na Kitui, na Machakos na Thika pia ziliguswa. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1981 sumu hiyo hiyo iliua watu Machakos.

Aflatoksini haionekani kwa macho kila mara, wala haiondoki kwa kupika. Kiwango cha juu kinachokubaliwa nchini katika mahindi ni sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja. Mzigo unaozidi hapo haununuliwi na msagaji anayefuata sheria, na mkulima anabaki nao. Kwa hivyo kikaushio na ghala zuri ni miundombinu ya afya kama ilivyo miundombinu ya biashara, na katika maeneo kama Masinga, ambako mvua ikikosa msimu mmoja familia hutegemea akiba, hoja hiyo ina uzito kuliko bei ya kilo.

Unyevu unaotakiwa kwa mahindi ya kuuza au kuhifadhi ni usiozidi asilimia 13.5. Hapa huzuka mzozo ambao maafisa wa kilimo huukuta mara kwa mara. Mkulima akileta kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, zikikaushwa hadi asilimia 13.5 hubaki kilo 95 hivi. Huona kama ameibiwa kilo tano. Kilichoondoka ni maji, ambayo mnunuzi makini hayalipii. Kikundi kinachoendesha kikaushio kinafaa kueleza hesabu hii kabla ya kuwasha mashine, na kuandika uzito wa kuingia na wa kutoka mbele ya mwenye mahindi. Ushirika unaweza kuvunjika kwa kilo tano ambazo hakuna aliyeziiba.

Asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chupa na chumvi kavu. Mahindi kiasi hutiwa katika chupa kavu pamoja na chumvi, ikafungwa, ikatikiswa na kuachwa kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Ikianguka chini ikiwa kavu, mahindi yako tayari. Kisha kuna mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huua wadudu kwa kuwanyima pumzi bila dawa yoyote. Ni mizuri, lakini haikaushi nafaka. Mahindi yenye unyevu yakifungiwa humo huharibika humo.

Kinga huanzia shambani. Aflasafe, ambayo ni kuvu isiyo na sumu inayochukua nafasi ya ile yenye sumu, hutengenezwa katika kituo cha KALRO cha Katumani, hapa hapa Machakos. Hunyunyizwa kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Fedha za umma zikitumika kujenga ghala huku mahindi yanayoingia ndani yake yamekwisha kuambukizwa shambani, ghala hilo litahifadhi sumu.

Kwa embe, kiungo kinacholingana na kikaushio ni kivuli na ubaridi. Si lazima kianze kuwa chumba cha umeme. Chumba cha kuta za makaa, ambamo makaa hujazwa kati ya nyaya mbili na kumwagiwa maji ili upepo unaopita upoe, hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye hewa kavu kama Masinga, na huongeza siku ambazo mwenye embe anaweza kungoja. Kinahitaji maji kila siku, na hilo lazima liwekwe katika hesabu. Ukaushaji wa embe kwa jua chini ya paa la plastiki ni njia nyingine, lakini wanaoingia humo wafahamu kuwa kilo kumi hivi za embe bichi, ukitoa ganda, kokwa na maji, hutoa kilo moja hivi ya embe kavu. Bei ya embe kavu ni lazima ibebe hasara hiyo.

Fedha zenyewe ziko katika mifuko gani

Mazungumzo ya mitaani huita kila kitu "pesa za serikali", na hapo ndipo matumaini mengi hupotelea. Kuna fedha za kujenga mali ya umma, kuna ruzuku kwa vikundi, na kuna mikopo. Kinachojengwa kwa fedha za maendeleo za kaunti hubaki mali ya umma. Ruzuku huendana na masharti na mara nyingi na mchango wa kikundi chenyewe. Mkopo hulipwa.

Mfuko wa kwanza ni bajeti ya kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, kwa kipindi cha miaka michache, iende kwenye maendeleo. Humo ndimo hutoka majengo ya masoko, maghala, barabara za kutoka mashambani, vikaushio na mizani. Ushindani ni mkubwa, kwa kuwa fedha hizo hizo huombwa kwa zahanati na mabwawa katika wadi zote 40 za Machakos, zikiwemo tano za Masinga: Kivaa, Masinga Central, Ekalakala, Muthesya na Ndithini.

Mfuko wa pili ni mpango wa vituo vya kukusanyia mazao na viwanda vya kaunti, unaojulikana kwa herufi CAIP. Ulianza mwaka wa kifedha wa 2023/2024 kwa kaunti 18 za awamu ya kwanza, na lengo ni kaunti zote 47. Serikali ya kitaifa na ya kaunti zinapangiwa kuchangia nusu kwa nusu, shilingi milioni 250 kila upande, jumla milioni 500 kwa kaunti. Fedha hizo ni za ardhi iliyotayarishwa, maghala, vyumba vya baridi, maji, umeme na barabara za ndani, ili mwekezaji au ushirika uje na mashine zake. Sehemu ya serikali ya kitaifa hupitia sheria ya mgao wa ziada kwa kaunti, ambayo hupitishwa upya kila mwaka, na ikichelewa ujenzi husimama. Hilo limetokea katika kaunti kadhaa. Kwa mkazi wa Kithyoko, jambo la maana kuhusu CAIP ni kwamba kituo kikuu kimoja hakiwezi kuwa karibu na kila mtu. Kinategemea vituo vidogo vya kukusanyia katika wadi, na wadi yenye kituo kinachofanya kazi ndiyo itakayokilisha.

Mfuko wa tatu ni Mradi wa Kitaifa wa Kuendeleza Minyororo ya Thamani ya Kilimo, NAVCDP, unaofadhiliwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 250 katika kaunti 33, Machakos ikiwemo. Ulianza mwaka 2022. Mradi huu hauanzi na majengo. Unaanza na vikundi vya wakulima wenye zao moja, vinavyoungana na kuwa na SACCO ya wadi, na kutoka hapo kuna vyama vya wazalishaji vinavyouza kwa pamoja. Ruzuku huingia katika SACCO ili wanachama wakopeshane, na nyingine husaidia vyama vya wazalishaji vyenye mpango wa biashara unaoeleweka. Mkulima asiyekuwa katika kikundi chochote hana mlango wa kuingilia. Huo ni uamuzi wa makusudi: mradi unaolipa mtu mmoja mmoja hauachi chombo cha kuendesha ghala baada ya wafadhili kuondoka.

Kisha kuna njia ambayo haimpi mkulima fedha bali humpa muda. Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2019 inamruhusu mkulima kuweka nafaka katika ghala lenye leseni, ikapimwa uzito na ubora, akapewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo ni mali. Anaweza kuiuza, au kuipeleka benki na kukopa sehemu ya thamani yake, akalipa karo, huku nafaka ikingoja bei ya miezi ya njaa. Kwa mkulima wa Kithyoko anayeuza Januari kwa sababu ya karo, hii ndiyo dawa iliyo karibu zaidi na ugonjwa wake. Haiahidi kuwa bei itapanda, na ghala hutoza ada ya kila mwezi, kwa hivyo wa kuijaribu kwanza ni kikundi chenye magunia mengi kuliko mtu mwenye matatu. Ghala la wadi linalojengwa bila kufikiria masharti ya leseni, yaani sakafu isiyopitisha unyevu, mizani iliyokaguliwa na vitabu vinavyokubalika, litabaki stoo tu.

Mikopo ya kawaida ipo pia. Shirika la Fedha za Kilimo, AFC, hukopesha tangu mwaka 1963 na hudai dhamana. Hazina ya Hustler ilianzisha mkopo wa vikundi Juni 2023. Mikopo hii inafaa kwa mizani, maturubai, mifuko na kreti. Kujengea ghala kwa mkopo wa muda mfupi ni kutafuta mnada.

Tarehe zinazoamua

Wakazi wengi hujitokeza katika vikao vya bajeti mwezi wa Mei, wakati makadirio yamekwisha kufika katika Bunge la Kaunti. Wakati huo maneno yao husikika, lakini nafasi ya kuyafanyia kazi ni ndogo. Mwaka wa kifedha huanza Julai 1, na kazi ya kuupanga huanza karibu miezi 11 kabla.

Kufikia Septemba 1, serikali ya kaunti huwasilisha Mpango wa Maendeleo wa Mwaka. Ghala au kituo ambacho hakimo humo huwa kigumu kuingizwa baadaye. Kufikia Februari 28 huja Taarifa ya Mkakati wa Fedha, inayoweka kikomo cha kila idara. Kilimo kikipewa kidogo hapo, hakuna kelele ya Mei itakayokiongeza sana. Makadirio huwasilishwa kufikia Aprili 30 na bajeti hupitishwa kabla ya Juni 30. Nyuma ya yote kuna Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti wa miaka mitano, CIDP, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Ombi lenye nguvu ni lile linaloonyesha ukurasa wa CIDP linaotimiza.

Kwa hivyo wakati wa kundi la wakulima wa Kithyoko kuandika ombi la kituo cha kukusanyia ni Julai na mapema Agosti. Ombi la maandishi, lenye sahihi za wanachama na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, lina uzito kuliko hotuba ndefu katika kikao. Baada ya bajeti kupita, fedha hazitoki mara moja: kila malipo hupitia idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na ununuzi hufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015. Mkazi anaweza kuuliza mradi umefikia hatua gani kati ya hizi, na anastahili jibu.

Kikundi kije na nini

Ukambani haujaanza kujipanga leo. Matuta yaliyookoa mashamba ya Machakos yalichimbwa na mwethya, watu wa kijiji wakifanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mmoja. Kinachohitajika sasa ni mwethya wenye vitabu.

Kundi la kijamii husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2022 likiwa na watu wasiopungua 10, na chama cha ushirika nacho huhitaji watu 10 au zaidi. Kundi linatosha kwa kuanza; linapoanza kununua na kuuza kwa jina lake, ushirika humlinda mwanachama vizuri zaidi kwa sababu hesabu zake hukaguliwa.

Baada ya usajili, mambo mawili hupima kama ombi litachukuliwa kwa uzito. La kwanza ni rekodi ya mazao. Kundi linaloweza kuonyesha daftari la misimu miwili, likitaja nani alileta kilo ngapi, za aina gani, na ziliuzwa kwa nani, lina hoja ambayo mhandisi na mhasibu wataielewa. Tuseme ni watu 30, kila mmoja na magunia matatu ya ndengu ya kilo 90. Hizo ni kilo 8,100. Kuuza kwa pamoja kukiongeza shilingi 10 tu kwa kilo, ni shilingi 81,000 katika msimu mmoja, kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Kundi lililofanya hivyo chini ya mti, kwa mizani ya kukodi, limethibitisha kuwa ghala litatumika.

La pili ni ardhi. Kaunti haiwezi kujenga kwa fedha za umma juu ya shamba la mtu binafsi kwa sababu tu mwenyewe amekubali kwa mdomo. Mzee mwenye nia njema akitoa robo ekari bila hati, watoto wake wanaweza kuidai pamoja na jengo. Ardhi iwe ya umma, au ikabidhiwe kwa maandishi na kupimwa. Iwe karibu na barabara inayopitika wakati wa mvua na karibu na nguzo za umeme, kwa kuwa mashine kubwa huhitaji umeme wa fezi tatu na kuuvuta kutoka mbali kunaweza kugharimu kuliko mashine.

Swali la mwisho ambalo afisa yeyote makini atauliza ni nani atalipa mlinzi, umeme na ukarabati mwaka wa pili. Makubaliano kati ya kaunti na kikundi kinachopewa jengo kuliendesha yaandikwe kabla ya ufunguo kutolewa, yakitaja ada ya kila gunia au kila kreti, akaunti inayoingia, na watu watatu wa kutia sahihi. Ada ndogo iliyokubaliwa mapema hulipwa. Ile inayobuniwa paa likianza kuvuja huzua maneno.

Wakazi wanaotaka kusajili kundi, kupata mafunzo ya kukausha na kuhifadhi nafaka, au kuwasilisha ombi la Mpango wa Maendeleo wa mwaka ujao, waanzie kwa afisa wa kilimo wa wadi au katika ofisi ya kilimo na ya ushirika ya Kaunti Ndogo ya Masinga. Waje na nakala za vitambulisho vya wanachama, kumbukumbu za mkutano uliopitisha ombi, na daftari la mazao. Asiye na daftari alianze msimu huu.